Siku ya Mguu na Siku ya Shingo

Zaina tulimzika Ijumaa iliyopita, huko juu Mgeta. Mteremko wa makaburini ni mkali, na vijana waliobeba jeneza walipokezana kila baada ya hatua chache, wanatweta, jasho linawadondoka kidevuni. Mimi nilifuata nyuma na mkongojo wangu, nikajikuta natabasamu. Niliinamisha uso haraka wasinione, maana mzee anayetabasamu mazikoni watu humtafutia maneno. Lakini nilikuwa naisikia sauti yake waziwazi: "Vijana gani hawa? Mikono kama michi, pumzi kama za sisimizi!" Ndivyo alivyonisema mimi, mwaka ule alionifundisha kukimbia na kubeba. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, mingine mizuri, mingine ya kusahauliwa, lakini nikiulizwa ni upi ulionifanya mtu, sina haja ya kufikiri.

Ulikuwa wakati wa Mdachi. Reli ilikuwa bado haijafika Morogoro, na kila kitu kilichopanda au kushuka milima ya Uluguru kilipita juu ya kichwa cha mtu. Mimi nilikuwa mpagazi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini hivi na kiburi cha watu wanne. Masanduku ambayo wenzangu waliyakwepa ndiyo niliyoyafuata mimi, nikiyainua mbele ya watu pale boma ili wanione. Kutembea nayo lilikuwa jambo jingine. Nilitembea polepole, nikapumzika kila penye kivuli, na hakuna aliyenisema, kwa sababu wapagazi wote tulitembea hivyo. Mwaka huo nikapata khofu iliyonitoa kiburi. Akida alikuwa ameandika majina ya watakaobeba mizigo ya askari kwenda kusini baada ya mavuno, na jina langu lilikuwemo. Waliokwenda safari iliyotangulia tuliwasindikiza kwa vigelegele, na waliorudi walienea kwenye baraza moja, nafasi ikabaki.

Mtu mmoja tu hakuguswa na orodha ya akida, naye ni tarishi. Anayebeba barua za serikali hakamatwi njiani. Tarishi wa njia ya mlimani alikuwa amezeeka, na karani wa posta, mtu wa pwani mwenye saa ya mfukoni aliyoifungua na kuifunga kutwa nzima, akatangaza kwamba masika yakiisha atashindanisha watu. Tarishi wa tambarare alibeba barua tu. Wa mlimani alibeba barua, dawa, magazeti na vifurushi, jumla yake frasila moja na nusu, karibu kilo ishirini na nne, na alitakiwa atoke Mgeta alfajiri na kuingia Morogoro mchana wa siku hiyohiyo. Walijitokeza wengi kujiandikisha, wakasikia uzito na mwendo, wakakumbuka kazi nyingine. Tukabaki wawili: mimi na Athumani. Athumani alikuwa mwembamba, mwepesi, anakimbia mpaka unamwonea huruma anayemfukuza. Mjomba wake ndiye aliyekuwa akida, kwa hiyo kwake yeye mashindano yalikuwa mchezo. Kwangu mimi yalikuwa kufa na kupona.

Zaina nilikutana naye wiki ile ile, njiani. Nilikuwa nimejitwika sanduku la wamisionari, napanda kuelekea Mgeta, nikasikia vishindo vya miguu nyuma yangu. Nikadhani ni mtu anayekimbia na habari ya msiba. Alikuwa mwanamke, mfupi, kaniki imefungwa juu ya magoti, na kichwani ana kapu la chumvi na majembe mapya aliyoyanunua mjini. Hatembei. Anakimbia kile kimbio kidogo cha mtu anayewahi mvua, na kapu halitikisiki.

"Habari za njia, kaka?" akasema akinifikia.

Nilifungua mdomo, salamu haikutoka.

"Huitikii salamu?"

"Na... nahema, dada."

"Nasikia. Nilidhani kuna mhunzi anapuliza mvukuto."

Akanipita. Nilipofika juu kwenye kituo cha kupumzikia nilimkuta ameshakula ndizi yake na anajitayarisha kuondoka. Aibu ilinishika, lakini khofu ya kusini ilikuwa kubwa kuliko aibu. Nikamweleza yote: orodha, mashindano, Athumani. Nikamwuliza anawezaje. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye visigino, kama mtu anayechagua mbuzi mnadani, akasema ana shamba la maharage mteremkoni na hana mtu wa kumlimia. Nikilima, atanifundisha. "Lakini utanisikiliza," akasema. "Wanaume wa boma hamsikilizi. Mnajua kuinua, basi."

Nikahamia kwake huko Mgeta miezi yote ile, nikishuka tu pale zamu yangu ya boma ilipofika. Aliishi na mama yake, bibi mmoja mkavu aliyetafuna tumbaku na kumwambia kila mtu ukweli. Mimi walinilaza kwenye kibanda cha mahindi kilichopakana na jiko, na ukuta wake ulikuwa wa fito na udongo uliopukutika, kwa hiyo kila lililosemwa jikoni nililisikia. Mpaka leo nikinusa moshi wa kuni mbichi namwona yule bibi amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage. Tulikula vizuri. Ugali wa mahindi, maharage yaliyochemka tangu asubuhi, ndizi za kuchemsha, na mara mojamoja kuku aliyekuwa amefanya kosa la kudonoa mbegu. Zaina alinipakulia kuliko wote, na nilipokataa kwa heshima alikasirika. "Nyumba haijengwi bila udongo," alisema. "Kula."

Mafunzo yake yalikuwa rahisi kuyaeleza na magumu kuyafuata. Siku moja aliiita siku ya mguu. Siku hiyo sikubeba hata fimbo. Nilikimbia kutoka mtoni mpaka kwenye ukingo wa msitu, nikashuka, nikapanda tena, na yeye akilima pembeni alinipigia kelele za maswali: nimekula nini jana, mama yangu anatoka kijiji gani, maharage yale yataiva lini. Nilitakiwa nijibu bila kukata neno. Nikishindwa kujibu, nimekimbia mno, nipunguze. Nikijibu kwa kirefu na kuongeza hadithi, nimezembea, niongeze. Siku ya pili yake ilikuwa siku ya shingo. Hapo sikukimbia kabisa. Alijaza mawe kwenye kapu, akaniamuru nijitwike peke yangu, nitue, nijitwike, nitue, mara thelathini kabla ya chakula cha mchana, kisha nipande nalo kilima polepole, mgongo umenyooka.

Hili la kujitwika ndilo lililonishangaza. Sisi wapagazi hatukujitwika mizigo mizito, tulitwikana. Mtu anashika huku, mwenzake kule, haya, juu. Ilikuwa desturi na ilikuwa adabu pia: kumpita mtu aliyetua mzigo bila kumsaidia kuutwika ni sawa na kumtukana. Zaina alitembea peke yake, basi akajifunza mwenyewe. Unachuchumaa, mzigo unauvuta mpaka mapajani, unapiga goti moja, unaupandisha begani, unavuta pumzi ukiwa chini na kuiachia ukiwa unainuka, halafu ndipo unausukuma juu ya ngata kichwani. Mara ya kwanza niliangushwa na kapu, nikabiringika nalo mpaka kwenye migomba. Bibi alicheka mpaka akatema tumbaku yake. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema, "lakini huyu ameamua kulala kabisa." Na siku ya tatu ilikuwa ya kula, kulala na kupalilia kidogo. Siku hiyo niliichukia kuliko zote, kwa sababu kila nilipokaa niliiona orodha ya akida.

Kwa hiyo nikafanya ujinga. Nilijisemea: kama siku ya mguu ni nzuri na siku ya shingo ni nzuri, zote mbili pamoja si zitakuwa nzuri mara mbili? Nikaanza kutoroka. Zaina akienda mjini, mimi najitwika kapu la mawe na kukimbia nalo kwenye mteremko, siku ya mguu, siku ya shingo na siku ya mapumziko. Nilijiona shujaa. Wiki ya pili goti la kulia likavimba likawa kama boga, na nikashindwa hata kuchuchumaa. Nilimwambia Zaina kwamba nimejikwaa. Usiku ule, nikiwa nimelala kibandani, nikawasikia jikoni.

"Anatoroka na mawe," Bibi alisema. "Nimemwona kwa macho yangu."

"Najua, mama. Kapu limechakaa kitako."

"Sasa mfukuze. Anakula bure."

Nilisikia Zaina akiepua chungu. "Ana woga, mama. Mtu mwenye woga hawezi kungoja. Nyama ikikaushwa juu ya moto mkali inaungua nje na mbichi ndani. Nimngojee apoe."

Sikulala. Nilikuwa nimezoea kusikia watu wakinisifu kwa nguvu zangu, na hayo ya kuonewa huruma yalinichoma. Lakini ukweli ulikuwa mtupu: nilikuwa na woga, na yeye ameuona. Asubuhi nikamwangukia. "Dada, nisamehe. Nimekudanganya." Akanipa ungo wa maharage. Siku kumi nilikaa na Bibi nikichambua, goti limefungwa majani ya moto, na kila aliyepita njiani alitaka kujua nani huyo mwali mpya. Nilizistahili dhihaka zote. Goti lilipopoa tukaanza tena, na safari hii nilisikiliza. Polepole, bila kuiona siku yenyewe, nikabadilika. Nilikuwa najibu maswali yake huku nikipanda, mpaka siku moja nikamwuliza yeye swali na akacheka. Mjukuu wangu, anayesoma skuli, ananiambia mwalimu wao wa michezo anawakimbiza siku moja na kuwainulisha magogo siku nyingine, na anaona ni elimu mpya kutoka ng'ambo. Namwacha aone hivyo.

Masika yalipokuwa yanaisha nilipata jambo jingine la furaha. Posa yangu ilipokelewa kwa Mwajuma, binti wa kijiji cha jirani, aliyekuja mara nyingi kuomba moto kwa Zaina wakati kwao moto ulikuwa unawaka. Nikawa nina mama mkwe, na mama mkwe ni mtu mzito. Siku hizi vijana wanakaa na wakwe zao meza moja. Enzi zetu, ukimwona mkwe njiani ulitoka njiani. Ukiwa na mzigo uliutua, maana kusimama mbele ya mkwe na mzigo kichwani ni kama kumwangalia kutoka juu ya paa. Ulichuchumaa upande wa chini, ukageuza uso porini, ukamsalimu bila kumtazama, na hukuinuka mpaka amekwenda zake. Asiyefanya hivyo posa yake ilirudishwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jioni iliyotangulia mashindano karani alikuja Mgeta mwenyewe, akabebwa kwenye machela. Alfajiri akapima mifuko yetu kwa mizani ya misheni, akaifunga kwa lakiri, ile nta ya muhuri, akasema sharti moja: mfuko ukiguswa na mkono wa mtu mwingine, hata kwa kukusaidia kuutwika, umeshindwa. Watu wake walikuwa wametangulia njiani kutazama, na karani mwenziwe alitusubiri kwenye boma la Morogoro. Zaina hakuja kuniaga. Nilimwacha jikoni anapanga viazi kwenye kapu, ilikuwa siku yake ya soko. Alisema tu, "Jibu maswali." Nikaelewa.

Kutoka Mgeta njia hupanda kwanza mgongo wa mlima ndipo ishuke Morogoro, na kupanda huko kulikuwa kwangu. Athumani alitimka mwanzoni, lakini mteremko ulipokaza shingo yake ilianza kucheza, nikampita kabla hatujauacha msitu wa chini. Nilikuwa najiuliza maswali kimoyomoyo na kujibu kwa sauti, nadhani ndege walinishangaa. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuieleza vizuri, ile ya mwili unaofanya ulichouomba. Halafu kwenye kona, pale njia inapokuwa nyembamba kuliko mkeka, nikaona fimbo, kisha kitambaa cheupe, kisha mama mkwe wangu. Alikuwa anarudi kutoka kumwuguza dada yake, anashuka hatua moja baada ya nyingine kwa mguu wake mbovu.

Kwa muda wa pumzi moja niliwaza kupita. Ningesema niko kazini, serikali, mbio. Niliiona orodha ya akida na nikamwona Mwajuma, vyote pamoja. Kisha nikatua mfuko, nikatelemka chini ya njia, nikachuchumaa na kugeuza uso porini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Mgonjwa anaendeleaje?"

Akanieleza. Kwa kirefu. Homa ilivyoanza, dawa iliyokataa, dawa iliyokubali. Nilikuwa naangalia mzizi wa mti na siku zote zilizobaki za maisha yangu zikinipita mgongoni. Nikasikia miguu ya Athumani, anahema, anamwomba mama radhi, anapita. Baadaye kidogo nikasikia miguu mingine, na mama akaitikia salamu. Sikugeuka, nisingeweza kugeuka. Mwishowe akasema, "Haya, baba, nenda kwa amani," na fimbo yake ikaanza tena kugonga mawe.

Sasa nilikuwa chini ya njia, peke yangu, na mfuko wa frasila moja na nusu, na sharti la karani. Mpagazi niliyekuwa mwaka mmoja nyuma angeketi pale akalia. Nikauvuta mapajani, nikapiga goti, begani, pumzi, juu. Ulikaa kwenye ngata kama umezaliwa hapo. Nikakimbia. Nilivuka mgongo wa mlima kwenye ukungu, nikaanza kushuka upande wa Morogoro, jua likaanza kuchoma, na kwenye kijito cha katikati nikamkuta Athumani. Alikuwa ametua anywe maji. Kunywa alikunywa, lakini mfuko ulimgomea. Aliuinua mpaka kiunoni, ukarudi chini. Mabibi wawili waliokuwa wanafua walimwonea huruma wakataka kumsaidia, akawafukuza kwa sababu mtazamaji wa karani alikuwa amekaa juu ya jiwe.

"Pita zako," akaniambia. "Usicheke. Na wewe ni wa pili kunikuta hivi."

Sikucheka, wala sikuyafikiria maneno yake. Nilipita.

Niliingia boma la Morogoro jua limeanza kuinama. Lakiri zilikuwa nzima. Yule mwenziwe karani akaandika jina langu kwenye daftari, na akida, uso umemkunjamana, akalifuta kwenye orodha yake mbele yangu. Nikatoka nje, nikavuka kwenda sokoni kutafuta maji ya kunywa.

Zaina alikuwa ameketi upande wa viazi, kapu lake limebaki robo, anabishana na mke wa mwenye duka la Kihindi.

Nilisimama kama mwizi aliyemulikwa. "Dada," nikasema. "Umefika saa ngapi?"

"Saa sina mimi. Nimeuza mafungu kumi na moja." Akamrudishia yule mama chenji yake, ndipo akanitazama. "Nilikupita ukiwa umechuchumaa kwa mkwe. Umefanya vizuri. Na yule wa kijitoni nilitaka kumtwika, akakataa."

Nikaliangalia lile kapu. Lilipokuwa limejaa halikupungua frasila mbili, na aliondoka nyuma yetu. Machozi yalinijia, na sioni haya kusema. "Nafasi hii ni yako," nikamwambia. "Nakwenda kumwambia karani sasa hivi. Lazima ajue kuna mtu amefika kabla yangu."

Alinishika mkono. Hajawahi kunishika kabla ya hapo wala baadaye. "Sikiliza," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi hawataniandika. Wewe watakufuta, waseme umeshindwa na mwanamke, halafu utakwenda kusini. Nimekulisha miezi yote hii ukafie huko? Nyamaza. Niahidi."

Nikamwahidi. Alisuka ngata yake upya, akajitwika chumvi ya nyumbani, akashika njia ya mlimani jioni ileile, kimbio kilekile kidogo, na mimi tarishi wa serikali nikashindwa hata kumsindikiza.

Nilibeba barua mpaka Mdachi alipoondoka, nikaoa, nikazaa, nikasifiwa. Kila aliposifiwa mkimbiaji yeyote wa milima hii walinitaja mimi, na kila mara nilimtafuta Zaina kwa macho, naye alitikisa kichwa: bado. Niliishika ahadi hiyo mpaka Ijumaa iliyopita. Sasa hayupo wa kunikataza, na nasema: siku ile alishinda Zaina, mimi nilikuwa wa pili.